Homa baada ya kuzibua mitaro: Waamu, mnaujua ugonjwa huu wa panya?

KijanaWaLangoni

Assalaam aleikum jamaa. Kabla ya Maulidi vijana wa mtaani kwetu hapa Amu (Lamu) walijitolea kuzibua mitaro, ile myembamba inayopita vichochoroni mpaka baharini. Mdogo wangu alikuwamo. Walishuka miguu mitupu, maji meusi yakiwafika vifundoni, panya wakichomoka kwenye matundu ya kuta. Baada ya wiki hivi kijana akaanguka. Homa kali, baridi, kichwa, na ukimgusa shavu la mguu anapiga ukelele. Macho yamemwiva.

Tukampeleka kliniki moja. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, akapewa dawa za malaria vivyo hivyo. Homa ikabaki palepale. Hospitali ya pili daktari akamvuta kope, akamtazama, akauliza: "Umekanyaga maji machafu karibuni? Kwenu kuna panya?" Akamwandikia antibiotiki na kuchukua damu. Alisema anashuku leptospirosisi, bakteria wa mkojo wa panya. Sasa anakula biriani, alhamdulillahi. Wangapi hapa mmewahi kuusikia? Na hii mitaro sasa azibue nani?

MpwaWaNahodha

Mpe pole. Lakini ndugu yangu, hiyo ni malaria tu, vipimo hukosea. Panya tumezaliwa tukawakuta darini na watatuzika. Kila mwaka tunaletewa ugonjwa mpya.

BiSiti_Mkomani

Yakhe, "malaria tu" imeua wangapi ambao hawakuwa na malaria? Mwaka 2004 mji huu ulilala chali kwa chikungunya, homa inayoletwa na mbu, watu wanatembea wameinama kama kamba wa baharini, na wiki za kwanza kila mtu alisema malaria. Walipokuja kupima damu baadaye wakakuta robo tatu ya waliopimwa kisiwani wameupata. Hapa hapa Amu ndipo ulipoanzia, kisha ukaenda Mombasa na Komoro. Tusiwe wepesi wa kukanusha.

TabibuMstaafu

Mimi nimekuwa klinikal ofisa miaka mingi pwani hii, sasa nimestaafu. Simtibu mtu kwa simu, kwa hiyo maneno haya ni ya kuelewa tu, mgonjwa aende hospitali.

Alichoandika kijana ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo. Bakteria wake ni mwembamba sana, umejisokota, ncha zake zimepinda. Ndani ya panya hukaa kwenye figo na panya mwenyewe haumwi. Anakula, anazaa, anakimbia juu ya boriti zako, na kila anapokojoa anawamwaga. Anaweza kuwabeba hivyo maisha yake yote. Mkojo ukiangukia pakavu penye jua, bakteria hufa upesi. Ukiangukia maji yasiyo na chumvi, tope, au mtaro usiopigwa na jua, wanaweza kukaa hai wiki kadhaa, hata miezi.

Kwa binadamu huingilia penye mchubuko, au ngozi iliyolainika kwa kukaa majini, au kwenye macho, pua na mdomo. Si lazima panya akuume. Watu wengi walioupata hawakumwona panya kabisa.

Dalili huanza siku 2 hadi 30 baada ya kugusa, mara nyingi kati ya siku 5 na 14. Ndiyo sababu mgonjwa hakumbuki: mtaro alizibua Ijumaa ya wiki iliyopita, homa imekuja leo, hazifungamanishi. Macho huwa mekundu bila matongotongo, na hilo ni la kuangaliwa, kwa sababu macho mekundu ya kawaida huamka yamegandamana. Misuli ya mashavu ya miguu na kiuno huuma kupita kiasi. Wengi hupona. Wengine homa hutulia siku chache, wakadhani wameshapona, kisha ikarudi kwa nguvu: macho ya manjano, mkojo kupungua, kukohoa damu. Akifika hapo ni wa kukimbizwa, kwa sababu figo, ini na mapafu vimeshaingiliwa.

Dawa zipo na si za ajabu. Doksisaiklini au penisilini, na kwa aliyezidiwa hospitali hutumia ya sindano. Kinachookoa ni kuanza mapema. Vipimo vya uhakika hufanywa kwenye maabara kubwa, na kimoja kinachotegemewa sana kinataka damu ya mara mbili, ya leo na ya wiki mbili baadaye. Daktari mwenye akili hangoji majibu hayo, anatibu kwa anachokiona na anachoambiwa.

Hilo la kuambiwa ndilo ninalolitaka hapa. Ukifika ukasema "nina homa" ukanyamaza, umemfunga daktari macho. Sema: nilizibua mtaro, nilisafisha ghala, nilichinja, nilioga bwawani. Akikuandikia malaria bila kukusikiliza, mrudie.

MpwaWaNahodha

Sawa tabibu, heshima yako. Lakini mbona hospitali zetu hatusikii jina hilo hata siku moja?

TabibuMstaafu

Kwa sababu halitafutwi. Moshi, kule Tanzania, 2007 hadi 2008 walichunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Waliodhaniwa wana malaria walikuwa 528. Walipopimwa sawasawa, wenye malaria kweli walikuwa 14. Waliokutwa na leptospirosisi peke yao walikuwa wengi kuliko hao 14. Huko ni mlimani na kwetu ni pwani, hesabu haziwezi kuwa zile zile, lakini ukisoma hayo husemi tena "malaria tu" kwa wepesi.

Hapa Kenya, 2004, Bungoma wanafunzi waliugua kwa wingi, ikathibitika ndio ugonjwa huu. Na Kibera wataalamu walinasa panya majumbani wakawapima 224, wakakuta 41 wana bakteria hao. Karibu mmoja katika kila watano, tena wengi walikuwa panya wadogo wa nyumbani, hawa hawa tunaowaita vipanya.

MtuWaLindi

Naingia kidogo ndugu zangu wa Kenya, mimi ni wa Lindi. Kwetu Ruangwa Julai 2022 watu walianza kuanguka, homa, kichwa, damu puani. Uvumi ukawa mwingi, kila mtu na lake. Ikapimwa Ebola, hapana. Marburg, hapana. Korona, hapana. Mwisho Waziri wa Afya wa wakati ule, Ummy Mwalimu, akatangaza ni leptospirosisi, wagonjwa 20 na waliofariki 3. Kwetu tunaiita Homa ya Mgunda. Ukilitaja jina hilo sasa kijijini hata mtoto anakuambia usile embe lililong'atwa na mnyama.

BiSiti_Mkomani

Innaa lillahi. Tabibu, mimi nina swali la birika. Nyumba yetu ni ya zamani, birika la chooni limejengwa pamoja na ukuta, halina kifuniko, na juu ni boriti. Usiku nawasikia panya wanapita. Humo ndimo tunamooga na kutawadha. Ukitawadha unasukutua, unapandisha maji puani. Sasa nimekaa nawaza.

TabibuMstaafu

Bi Siti, swali lako ni zito kuliko la mtaro, kwa sababu mtaro unaingia mara moja na birika ni mara tano kwa siku.

Maji yaliyotulia, yasiyo na chumvi, kivulini. Hapo bakteria huyu hapati tabu. Sisemi birika lako linao, nasema panya akikojolea humo hakuna cha kumzuia. La kwanza ni kifuniko. Mbao, bati, chochote kinachokaa sawasawa, na kata iwekwe juu yake, si chini. La pili, tafuta panya wanapitia wapi juu, pazibwe kwa chokaa au wavu wa chuma wa matundu madogo. La tatu, maji yatolewe yote kila baada ya muda, birika lisuguliwe na likauke kabisa kabla ya kujazwa. Ukavu ni dawa. Maji ya kunywa yawe mbali na hayo, na yachemshwe.

ShangaziZena

Na samaki je? Sisi birikani tunaweka wale samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, tangu enzi za bibi. Dada yangu juzi alitia klorini, asubuhi samaki wote wanaelea.

TabibuMstaafu

Shangazi, hapo kweli tumebanwa. Klorini inaua bakteria huyu vizuri sana na inaua samaki vilevile. Samaki wakiondoka, mbu wanaingia, na mbu ndio waliotuletea lile la 2004. Mimi ningechagua kifuniko. Kinamzuia panya na mbu wote wawili, samaki wanabaki. Klorini itumie siku ya kusafisha birika likiwa tupu, suuza, likauke, kisha jaza na urudishe samaki.

ShangaziZena

Basi fundi aje Jumamosi. Bati la zamani ninalo.

Kizingitini_Fundi

Nyinyi wa Amu mna maji ya visima vya Shela chini ya mchanga. Sisi visiwani huku tunategemea jabia. Sakafu kubwa inapokea mvua, maji yanashuka tangini. Miezi ya kiangazi mbuzi wanalala juu ya ile sakafu, panya wanapita, kuku nao. Mvua ya kwanza inaosha yote hayo na kuyapeleka moja kwa moja tunakonywea. Tabibu unasemaje?

TabibuMstaafu

Nasema umejijibu mwenyewe. Sakafu ifagiliwe na kusuguliwa kabla ya mvua, maji ya mvua ya kwanza yaelekezwe nje, mlango wa tangi uwe na wavu, na sakafu izungushiwe uzio mbuzi wasipande. Mbuzi nao wana bakteria hawa, na ng'ombe, na mbwa, na nguruwe. Aina za bakteria ni nyingi na kila aina ina mnyama inayempenda zaidi. Panya ndiye anayetajwa kwanza kwa sababu yuko kila nyumba. Kunywa chemsha, au tia klorini ya kunywa kwa kipimo chake.

MvuviWaMatondoni

Na sisi wa baharini? Mchana kutwa miguu majini, vidole vimekatwa na nyavu. Nimeingiwa na hofu.

TabibuMstaafu

Bahari haimfai bakteria huyu, chumvi inamwangusha. Hofu yako iwe pale mtaro unapomwagikia ufukoni, hasa maji yakitoka na kubaki tope jeusi. Usivutie dau hapo ukiwa na jeraha. Na chombo chako chenyewe, maji ya ngamani, yale yanayotuama chini ndani ya chombo, mvua ikinyesha huwa si ya chumvi tena, na panya wa vyombo unawajua kuliko mimi.

MvuviWaMatondoni

Hao nawajua. Walikula tanga langu.

MpwaWaNahodha

Nami nikubali nusu. Lakini babu zetu waliishi humu humu miaka mia na mia, mji una mawe ya tangu zamani, panya walikuwapo. Mbona hawakufa?

Mwalimu_wa_Historia

Waliokufa hawakuandikiwa sababu, bwana. Ilikuwa "homa", kwisha. Ugonjwa wenyewe ni wa zamani, kilicho kipya ni kuujua. Mjerumani Adolf Weil aliueleza vizuri 1886, ile hali mbaya ya macho ya manjano na figo kushindwa. Bakteria mwenyewe alikuja kupatikana Japani mnamo 1915 na Ryukichi Inada na wenzake, na huko waliokuwa wakiugua sana ni wachimba makaa ya mawe, kwa sababu migodini kuna maji, giza na panya. Huko Ulaya walikuwa wafanyakazi wa mitaro ya maji machafu. Wetu ni vijana wa Maulidi.

Na huyu panya mweusi wa darini si mwenyeji. Asili yake Bara Hindi, alisambazwa na vyombo vya biashara zamani sana. Alikuja na mchele, kama wengi wetu.

MpwaWaNahodha

Hahaha, hilo la mwisho umenipiga.

PakaWaAmu

Watu mnaandika weee na hamjataja paka. Mji huu una paka kuliko watu. Kwani kazi yao nini?

KijanaWaLangoni

Paka wa gatini wanalishwa matumbo ya samaki na wavuvi, wananona, wanalala. Nimemwona panya mkubwa akipita mbele ya paka, paka akageuza kichwa.

TabibuMstaafu

Paka husaidia kwa vipanya na panya wachanga. Panya aliyekomaa hana hofu naye sana, na paka aliyeshiba hajisumbui. Kinachowaweka panya mjini ni chakula. Jaa likizolewa, mabaki ya pilau ya shughuli yasipotupwa mtaroni, panya wanapungua wenyewe. Nasema hivi nikijua shughuli za Amu zilivyo.

PakaWaAmu

Na sumu? Jirani yangu ametega sumu, paka watatu wamekufa kichochoroni.

TabibuMstaafu

Sumu hizi za dukani nyingi huzuia damu kuganda. Panya hafi palepale, huzurura siku kadhaa akiwa mlegevu, paka anamkamata kwa urahisi, sumu inaingia kwa paka. Na panya anayefia ndani ya dari ya nyumba ya mawe, harufu yake utaisimulia wajukuu. Mimi naona bora mtego. Ukimkuta amekufa, usimshike mkono mtupu. Mmwagie maji ya klorini, ngoja kidogo, mshike kwa mfuko wa plastiki, funga, nawa kwa sabuni. Na mkojo au mavi yao sakafuni, lowesha kwanza kwa klorini ndipo ufute. Usifagie yakiwa makavu, vumbi likapanda usoni.

MchukuziWaPunda

Mimi nabeba mchanga na mawe kwa punda. Punda wetu wanalala kwenye zizi la chini, chakula chao kinaliwa na panya usiku. Punda anaweza kuugua?

TabibuMstaafu

Anaweza. Jamii ya farasi na punda hupata, wengine hupata tatizo la macho baadaye, na punda mwenye mimba anaweza kuharibu. Pumba ziwekwe kwenye pipa lenye mfuniko. Ukiona punda ana homa au mkojo mwekundu, nenda kituo cha punda pale mjini, kipo tangu 1987, wanawatibu. Wewe mwenyewe unapozoa mkojo zizini vaa gambuti.

MamaWaWatoto_Wiyoni

Kwani chanjo hakuna? Wanangu mvua ikinyesha wako madimbwini mpaka magharibi.

TabibuMstaafu

Ya mbwa ipo. Ya binadamu inatumika nchi chache, kama Kuba na Uchina, hapa si ya kawaida. Kuna wanaopewa doksisaiklini ya kujikinga kabla ya kazi ya hatari, lakini hiyo ni ya kuandikiwa, si ya kununua dukani kwa hofu, na wajawazito na watoto wadogo haiwafai kiholela. Wanao wavae viatu, wakirudi waoge kwa sabuni, jeraha lifunikwe. Kuwazuia wasicheze mvuani najua hutaweza.

KijanaWaLangoni

Tumekaa na vijana jana usiku barazani. Mitaro itazibuliwa, lakini kwa gambuti na glavu, koleo zenye mipini mirefu, na mwenye jeraha atabaki juu kusukuma mkokoteni. Tatizo ni fedha ya gambuti. Duka moja limetupa bei ya jumla, tukipata jozi kumi tunaanza, zitazunguka mtaa kwa mtaa.

Mwalimu_wa_Historia

Niwekee jozi mbili, nitatuma kesho.

MpwaWaNahodha

Moja yangu. Na mimi nitashuka mtaroni, msiseme nabisha tu.

BiSiti_Mkomani

Birika la msikiti wa mtaani kwetu nalo liko wazi. Nimemwambia mume wangu alifikishe kwa kamati baada ya Ijumaa.

MwenyeDuka_Mchele

Samahani, nimechelewa kuingia. Mimi nina ghala la mchele, magunia yako chini kwenye sakafu, na wiki hii mvua iliingia chini ya mlango yakalowa upande. Panya wamo, sikatai. Mchele huo niuanike niuuze?

TabibuMstaafu

Kupika kunaua bakteria hawa, lakini gunia lililolowa maji ya mtaro lina mengine mengi, na mchele utaota ukungu. Uliolowa usiuze. Mkavu uhamishe, gunia ulishike kwa glavu. Kisha panga juu ya mbao, shubiri mbili kutoka chini, na uache nafasi ya mtu kupita kati ya magunia na ukuta, uweze kuona panya wanapozalia. Chini ya mlango piga kipande cha bati. Na wewe uliyeyabeba magunia hayo mabegani, ukipata homa wiki mbili hizi, unajua la kumwambia daktari.

MwenyeDuka_Mchele

Aliyebeba ni kijana wangu wa kazi. Namwita sasa hivi.